Waingereza walikataa kupanga wagombea kwa namba. Sisi Lamu tungekubali?

MwanaMkomani (mwenye uzi)

Assalaam alaykum wana baraza, wa visiwani na wa bara.

Jana baada ya Isha tulikaa pale Mkunguni, mbele ya ngome, na binamu yangu aliyekuja likizo kutoka London. Maneno yalianzia kwenye bei ya mafuta ya boti, yakaishia kwenye ugavana, kama kawaida yetu. Mimi nikalalamika kwamba sheria yetu haimtaki gavana afike nusu ya kura. Kifungu cha 180 cha Katiba kinasema tu aliyewapita wenzake ndiye. Wakijitokeza sita, mtu anaweza kutawala miaka mitano huku wengi wa waliopiga kura hawakumtaka. Nikasema kuna nchi mpiga kura anawapanga wagombea 1, 2, 3.

Binamu akanikata kauli: "Sisi kule tuliulizwa hayo, tukasema hatutaki. Yakaisha."

Sikuwa na jibu. Nikalipa kahawa nikaenda zangu. Usiku nikakaa kusoma, na sasa nina jibu, ila yeye kashalala. Basi nalileta kwenu.

Mei 2010 Uingereza ilipiga kura na hakuna chama kilichopata wingi. Conservative viti 306, Labour 258, Liberal Democrats 57, katika bunge la viti 650. Hao wa tatu walikuwa na asilimia 23 ya kura za nchi nzima lakini viti vyao havikufika 9 katika kila 100. Kilio chao cha siku nyingi kilikuwa uwakilishi wa uwiano, yaani chama kipate viti kwa kadiri ya kura zake. Conservative walipowahitaji kuunda serikali, wakadai wananchi waulizwe kuhusu mfumo wa uchaguzi.

Waliulizwa, lakini si kuhusu uwiano. Kilichowekwa mezani ni kura mbadala: jimbo lile lile, mbunge mmoja yule yule, ila unaandika namba badala ya alama moja. Asipopatikana mwenye zaidi ya nusu, wa mkia anatolewa, na kura zake zinakwenda kwa waliopewa namba 2, hivyo hivyo mpaka mmoja avuke. Nick Clegg, kiongozi wa Liberal Democrats, kabla ya uchaguzi ule alikuwa ameudharau mfumo huo hadharani, akauita maafikiano madogo ya kusikitisha. Mwaka mmoja baadaye ndiye anayezunguka nchi kuunadi.

Tarehe 5 Mei 2011 matokeo yakawa Hapana asilimia 67.9, Ndiyo 32.1. Waliojitokeza ni kama 42 katika kila 100. Maeneo ya kuhesabia yalikuwa 440, na Ndiyo ilishinda katika 10 tu: Oxford, Cambridge, mitaa sita ya London, na vipande viwili vya Glasgow na Edinburgh.

Sasa swali langu kwenu. Mtu akikuwekea wali mkavu na mkate wa jana, akakwambia chagua, ukaukataa mkate, je, umesema unaupenda wali mkavu? Mimi naona karatasi ile ilikuwa hivyo. Aliyetaka uwiano hakuwa na mahali pa kuweka alama yake.

---

KasaWaKiwayu

Natia nanga. Wajuvi waje.

---

Maweni_Malindi

Kaka Mkomani, hoja yako nzuri lakini umempunguzia mpiga kura lawama. Wengi hawakusoma ile karatasi kabisa. Walimwadhibu Clegg. Aliahidi wanafunzi kwamba hatapandisha karo ya chuo, akaingia serikalini, na Desemba 2010 karo ikapitishwa ipande hadi pauni 9,000 kwa mwaka. Miezi mitano baadaye anakuja kukuomba Ndiyo! Hata mimi ningemnyima.

Sisi tunaujua mchezo huu. Novemba 2005, kura ya maoni ya rasimu ya katiba: ndizi ni Ndiyo, chungwa ni Hapana. Hapa Malindi ukimuuliza mtu mlango wa ardhi katika rasimu ile ulisema nini, hajui. Anachojua ni kwamba Rais Kibaki amesema ndizi, kwa hiyo yeye chungwa. Chungwa likapata kama asilimia 58. Halafu 2010 tukapewa nyingine, tukaipitisha kwa theluthi mbili. Wapiga kura ni wale wale. Kilichobadilika ni nani kakaa upande gani wa meza.

---

MwanaMkomani

Umenena. Na kampeni ya Hapana ilijua hivyo. Walibandika picha ya kitoto kichanga hospitalini, maneno yakisema huyu anahitaji kitengo kipya cha moyo, si mfumo mwingine wa kura. Wakatangaza kwamba mfumo mpya utagharimu pauni milioni 250, na ndani ya hesabu hiyo wakaingiza mashine za kuhesabia ambazo serikali haikuwa na mpango wa kuzinunua. Australia inapanga kwa namba tangu 1918, na karatasi za viti vya bunge la chini wanazihesabu kwa mkono.

---

BintiShela

Kaka zangu, mnakwenda mbio. Nielezeni hii ya namba kama mnamweleza mtu anayekuna nazi. Kura yangu ya pili ikihesabiwa, si nimepiga mara mbili na jirani mara moja?

---

MwanaMkomani

Dada, swali hilo ndilo lililowasumbua hata wao. Chukua mfano wa kubuni. Kikundi cha wavuvi kinachagua mwenyekiti, watu 100. Wa Ngalawa kapata 40, wa Jahazi 35, wa Mashua 25. Kwa sheria ya sasa Ngalawa ameshinda, ingawa 60 hawakumtaka.

Kwa namba: Mashua ni wa mwisho, anatoka. Katika zile karatasi zake 25, tuseme 20 waliandika Jahazi namba 2, na watano hawakuandika mtu. Jahazi anakuwa na 55, Ngalawa anabaki na 40. Ameshinda Jahazi.

Je, watu wa Mashua wamepiga mara mbili? Hapana. Katika hesabu ya pili, wa Ngalawa nao wanahesabiwa tena, kwa mtu wao yule yule. Kila karatasi iko kwenye fungu moja tu wakati wowote. Ni kama umekwenda sokoni kwa changu, ukaambiwa kwisha, ukachukua tafi. Jirani yako kapata changu wake. Kila mmoja karudi na samaki mmoja.

---

BintiShela

Hapo nimeelewa. Ila tafi na changu si sawa, usinidanganye 😂

---

MzeeWaLangoni

Wanangu, yeo na mimi nimekuya. Mjukuu ndiye anayeandika, mimi nasema tu.

Hamkuwako 1988. Tulipangwa foleni nyuma ya picha za wagombea, mchana kweupe, kila mtu anamwona mwenziwe kasimama wapi. Mlolongo. Ulikuwa mchujo wa chama, na chama kilikuwa kimoya, na anayepita asilimia 70 pale foleni alihesabiwa amekwisha kuwa mbunge. Nao huo tuliambiwa ni mfumo mzuri, rahisi, wa Kiafrika, hauna karatasi za kuibwa. Foleni fupi ikatangazwa ndefu, na watu wanaiona kwa macho.

Kwa hiyo mimi mtu akinijia na ndia mpya ya kupiga kura, kwanza namuuliza: wewe umekuya na hii kwa faida ya nani? Hao Waingereza mnaowasema wajinga huenda walikuwa wazee kama mimi. Mtu moya, kura moya, aliyezidi ameshinda. Nikishindwa najua nimeshindwa. Huyo wenu aliyekuwa wa pili halafu akawa wa kwanza, nani atamweleza aliyekuwa wa kwanza?

---

Maweni_Malindi

Shikamoo mzee. Hiyo ya mwisho ni kubwa. Lakini 1992 pia mlikuwako. Moi alishinda kwa asilimia 36. Matiba, Kibaki na Jaramogi waligawana zilizobaki. Mtu moya kura moya ilitupa rais ambaye karibu wawili katika kila watatu walimpigia mtu mwingine. Ndiyo maana katiba ya 2010, kifungu cha 138, ikamtaka rais apate zaidi ya nusu, pamoja na robo ya kura katika kaunti zisizopungua 24. Gavana akasahauliwa.

---

MzeeWaLangoni

Marahaba. Hakusahauliwa. Waliotunga walijua gharama ya kurudia.

---

KaraniWaSanduku

Mzee kagusa penyewe. Mimi nimesimamia kituo upande wa Faza zaidi ya mara moja, niseme la kazini.

Mkisema gavana afike nusu, mna njia mbili. Ya kwanza ni duru ya pili, kama ya rais, ndani ya siku 30. Fikirini Lamu. Masanduku, vifaa vya kutambua wapiga kura, makarani na polisi vinapanda boti kwenda Faza, Kizingitini, Ndau, Kiwayu, Kiunga. Maji yakitoka, boti inakaa kwenye mchanga mpaka yarudi. Upande wa Basuba ni barabara ya msituni na usalama wenyewe mnaujua. Kurudia haya yote ndani ya mwezi mmoja kwa ajili ya kiti kimoja, si mchezo. Na kila duru ya pili wengine hawarudi kituoni.

Njia ya pili ni hiyo ya namba, unamaliza siku moja. Nzuri. Lakini ina mwamba chini ya maji ambao Uingereza hawakuwa nao. Wao saa nne usiku vituo vinafungwa, masanduku ya jimbo zima yanapelekwa kwenye ukumbi mmoja, yanahesabiwa hapo. Sisi tunahesabu kituoni, mawakala wanatia sahihi, na fomu inabandikwa mlangoni. Kesi ya mwanaharakati Maina Kiai mwaka 2017 ndiyo iliyosimika kwamba matokeo ya kituoni ni ya mwisho, hakuna wa juu wa kuyabadilisha. Tuliipigania hiyo kwa sababu kura zetu zilikuwa zinanenepa njiani.

Sasa kwa mfumo wa namba, mimi nikiwa kituoni sijui nani ni wa mkia katika kaunti nzima. Siwezi kumtoa mtu. Lazima karatasi zote zisafirishwe mjini zikahesabiwe pamoja. Yaani turudi kwenye sanduku linalosafiri usiku kwa boti. Nani hapa yuko tayari?

---

KasaWaKiwayu

Mimi naivuta nanga niondoke. Karani kaua mada.

---

MwalimuGanda

Kasa, ngoja kwanza. Salamu kutoka Ganda, Malindi. Nafundisha hisabati, kwa hiyo mtanisamehe.

Tatizo la karani ni la kweli, na lina dawa kama hatutaki makuu. Msipange mpaka namba 6. Pangeni wawili tu. London walimchagua meya hivyo tangu mwaka 2000: safu ya kwanza unayemtaka, safu ya pili wa akiba. Asipopatikana wa nusu, wote wanatolewa isipokuwa wawili wa juu, na karatasi za waliotolewa zinaangaliwa wa akiba. Mara moja, basi. (Sheria ya 2022 ikawarudisha kwenye alama moja.)

Uzuri wake ni kwamba kituo kinaweza kumaliza kazi yote bila kujua ya kaunti. Chora jedwali. Wagombea watano, safu tano kwenda chini kwa chaguo la kwanza, safu tano kwenda kando kwa chaguo la pili, na moja ya walioacha wazi. Karani anagawa mafungu matano kama kawaida, kisha kila fungu analigawa tena kwa wa akiba. Anajaza jedwali, mawakala wanatia sahihi, linabandikwa mlangoni. Yeyote mwenye simu anapiga picha. Ukikusanya majedwali ya vituo vyote, mshindi unaweza kumpata wewe mwenyewe jikoni kwako. Hakuna karatasi iliyosafiri.

Si kamili. Mgombea wa tatu aliyependwa na wengi kama chaguo la pili anatoka mapema. Lakini nimejaribu kutafuta mfumo usio na dosari na hesabu zenyewe zinakataa.

---

KaraniWaSanduku

Jedwali... Hilo linafanyika. Kazi itaongezeka, labda saa moja au mbili kwa kituo, na taa za kituoni mnazijua. Lakini linafanyika.

---

MwalimuGanda

Niongeze jambo kwa mwenye uzi. Unasema swali la 2011 lilikuwa bovu. Linganisha na wengine.

New Zealand, 1992, waliuliza maswali mawili kwenye karatasi moja. La kwanza: mnataka kubadilisha au la? Karibu 85 katika kila 100 wakasema ndiyo. La pili: katika hii minne, mnapendelea upi? Wakachagua mfumo mseto, nusu majimbo, nusu orodha za vyama. Mwaka uliofuata mseto ukapambanishwa na mfumo wa zamani, ukashinda kwa kama 54. Mwaka 2011, mwaka ule ule wa Waingereza, wakaulizwa tena kama wamejuta. Asilimia 58 wakasema tubaki nao.

British Columbia kule Kanada walifanya la ajabu zaidi. Waliwachukua raia 160 kwa bahati nasibu, wakawafundisha karibu mwaka mzima, kisha hao hao wakapendekeza mfumo. Mei 2005 asilimia 57.7 wakaunga mkono, na ulipata wingi katika majimbo 77 kati ya 79. Ukashindwa! Serikali ilikuwa imeweka kizingiti cha 60. Ulipoletwa tena 2009 upepo umekwisha, ukapata 39. Mwaka 2018 wakaulizwa tena, 61 wakasema tubaki na wa zamani.

Kwa hiyo "wananchi walikataa" ni neno la kuangalia mara mbili. Wale wa 2005 walikubali, wakaambiwa wamekataa.

---

MtuWaFaza

Nimesoma yote kimya. Mwalimu, huo mseto na uwiano unaousifu, Lamu Mashariki tutaishia wapi? Sisi ni katika majimbo yenye wapiga kura wachache kabisa Kenya nzima. Wadi tatu: Faza, Kiunga, Basuba. Kila ikija habari ya kugawa viti kwa idadi ya watu, wa kwanza kuangaliwa ni sisi. Punguza Mizigo, mswada wa kubadili katiba wa Ekuru Aukot mwaka 2019, ilitaka wabunge wapungue kutoka 416 hadi 147. Mabunge ya kaunti yakaikataa, na mimi nilifurahi sana, nasema wazi. Kule nje wangeandika "mageuzi yamekataliwa" na kusikitika. Kwetu ilikuwa ni kuokoka.

Ukisema chama kipate viti kwa kadiri ya kura zake Kenya nzima, kura za Pate, Siyu na Kizingitini zikijumlishwa hazijazi hata kona ya mtaa mmoja wa Nairobi. Mbunge atatoka kwenye orodha ya mtu asiyejua Mtangawanda ni gati au ni samaki.

---

BintiShela

Na hizo orodha tunazijua. Kina mama tumeambiwa orodha ndiyo itatuokoa. Viti maalum vya bunge la kaunti vipo ili jinsia moja isizidi theluthi mbili, na mpaka leo bunge la taifa halijatimiza kanuni hiyo. Lakini nani anaandika orodha? Ukitaka jina lako liwe juu, unamfuata mwenye chama, humfuati mpiga kura. Mimi afadhali nipambane kwenye wadi.

---

MwalimuGanda

Mtu wa Faza, hofu yako ni halali, lakini mseto hauondoi jimbo. Tazama Lesotho. Mwaka 1998 chama kimoja kilipata kama asilimia 60 ya kura na viti 79 kati ya 80. Waliobaki wakaona bunge si lao, Maseru ikawaka moto, wanajeshi wa Afrika Kusini na Botswana wakaingia. Uchaguzi uliofuata, 2002, waliyaacha majimbo 80 kama yalivyo, wakaongeza viti 40 vya kufidia, vinavyokwenda kwa vyama vilivyopunjwa majimboni. Chama kikuu cha upinzani kikapata 21, vyote vya fidia.

---

MtuWaFaza

Viti 40 vya nyongeza, nani analipa mishahara? 😅 BBI, ule mpango wa Uhuru na Raila wa kubadili katiba, ilitaka kuongeza majimbo 70 na watu wakauliza hilo hilo, kabla Mahakama ya Juu haijaimaliza Machi 2022.

---

MwanaMkomani

Nimejibu mengi kimoyomoyo, niandike machache.

Mtu wa Faza kanigeuza kwa sehemu. Nilianza uzi nikidhani Waingereza walikosea na New Zealand wakapatia. Sasa naona hata mimi ningekataa baadhi ya haya, na jirani yangu angeniita mhafidhina. Uwiano wa nchi nzima siutaki kwa Lamu. Mseto ni wa kujadiliwa na watu wenye pesa. Kwa ugavana jedwali la Mwalimu naona linatufaa, kwa sababu gavana ni kiti kimoja, kaunti ni moja, na 2017 tuliona Fahim Twaha akimpita Issa Timamy kwa chupuchupu, 2022 Timamy akarudi. Kiti kinachoamuliwa hivyo, hao waliochagua wa tatu na wa nne nao wangeulizwa neno.

Ila binamu nimemjibu. Nimemwonyesha uchaguzi wao wa 2024: Labour asilimia 33.7 ya kura, viti 411. Chama cha Reform asilimia 14, viti 5. Nikamuuliza kama kweli yaliisha 2011. Akasema kahawa imepoa.

Mzee wa Langoni, wewe ndiye sijakujibu. Nani atamweleza aliyekuwa wa kwanza? Sina jibu. Nimeona tujaribu. Ijumaa baada ya Asr pale barazani tunachagua mweka hazina wa mchango wa kahawa, kwa jedwali. Karani asimamie.

---

KaraniWaSanduku

Ripoti ya Ijumaa. Karatasi 31, wagombea wanne. Mbili zimeharibika: moja imewapa wote alama kwenye safu zote mbili, nyingine imechorwa jahazi. Hakuna aliyefika nusu ya zile 29. Kwa chaguo la kwanza Mzee wa Langoni aliongoza na 11, MwanaMkomani 9, wawili waliobaki 5 na 4. Kati ya karatasi hizo 9 za waliotolewa, wa akiba: MwanaMkomani 5, Mzee 2, wazi au wametajana wenyewe 2. Jumla MwanaMkomani 14, Mzee 13. Kuhesabu kulichukua dakika ishirini na tano, kumi kati ya hizo za kubishana juu ya lile jahazi.

---

MzeeWaLangoni

Jahazi lile nimelichora mimi. Nani asiyejua kwamba jahazi ni langu? Kura hiyo ni yangu, tuko sare. Nataka zihesabiwe upya, na safari hii mjukuu wangu awe wakala.